Milimita za Nguzo ya Tatu

Jumatatu ile Elieth alipima mara saba. Siku nyingine alipima mara tatu, akaandika wastani daftarini, akaifunga mashine kwenye sanduku lake la njano na kuteremka nyumbani kabla jua halijakolea. Lakini nguzo ya tatu ilimkatalia. Wiki mbili nyuma ilikuwa imesogea milimita nne. Wiki iliyopita, tisa. Sasa mashine ilimwambia kumi na saba, na kila aliporudia ikamwambia vilevile, bila kuyumba, kama shahidi aliyekwisha kula kiapo.

Tuta la bwawa la Ikombola lilikuwa la udongo, na juu yake zilisimama nguzo nne fupi za zege, kila moja na kioo chake. Elieth alisimamisha mashine juu ya jabali lililo upande wa chini wa bonde, pembeni mwa njia ya zamani ya wapagazi, mita mia nne na kumi na mbili kutoka nguzo ya tatu. Mashine ilipeleka mwanga wa leza mpaka kwenye kioo, mwanga ukarudi, umbali ukasomeka. Kazi yake yote ndiyo hiyo: kujua kama tuta bado limesimama pale lilipojengwa. Na sasa kipande kimoja cha tuta hilo kilikuwa kinamjia.

Kati yake na tuta ulilala mpunga wa kaya mia mbili, umeanza kuinama kwa uzito wa punje. Eka tatu zilikuwa za mumewe, Festo. Eka moja na nusu, kule bondeni kabisa, ilikuwa ya mama mkwe wake.

Alimpigia Mhandisi Silasi, mkuu wake aliyeko Tabora mjini.

"Shikamoo, mhandisi."

"Marahaba. Nimeziona namba zako. Hebu niambie, hizo nguzo nyingine nazo hazikusogea?"

"Zimesogea milimita mbili mbili. Lakini hilo ni joto la hewa tu, nikilitoa kwenye hesabu zinarudi mahali pake. Ya tatu hairudi."

"Unaona sasa. Mashine nzima inatembea. Ile leza imezeeka, Elieth, ikipata joto inapoteza utulivu wake. Na hapo kwenye nguzo ya tatu ng'ombe wanajikuna, nimewaona kwa macho yangu."

"Ng'ombe akiisukuma nguzo italala upande. Hii imekuja ikiwa wima."

Silasi akashusha sauti. "Unajua kulifungua lango la bwawa mwezi huu maana yake nini?"

"Najua."

"Basi usiniletee namba ambazo mashine yenyewe inaweza kuzikana. Ilete Tabora ikaguliwe. Baada ya hapo ndipo tutaongea."

* * *

Mchana walikula ugali na mlenda, Festo akiwa bado na matope yaliyokauka kwenye vifundo vya miguu. Bi Josepha, mama yake, alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, mahali ambapo aliweza kuliona shamba lake. Elieth alieleza yote. Hakuficha kitu.

"Milimita kumi na saba ndiyo kitu gani?" Festo aliuliza.

Elieth alimwonyesha kidole gumba chake. "Upana wa hapa."

"Upana wa dole gumba." Festo alitazama lile dole kama aliyeonyeshwa mdudu. "Kwa upana huo utuambie tuyaachie maji?"

"Upana huo kwa wiki tatu. Na kila wiki unaongezeka kuliko ile iliyotangulia."

"Mayu we!" Bi Josepha aliweka tonge chini. "Tangu nizaliwe sijaona udongo unahama wenyewe. Mama Martha, hebu sema polepole nikusikie. Unataka kuyafungulia maji mpunga wangu? Wangu bado maziwa. Ukiuminya punje unatoka uji mweupe."

"Sitaki, mama. Naogopa tu."

"Mwenye kuogopa si hukaa kimya?"

Baadaye, walipobaki wawili, Elieth alimwomba Festo jambo moja. Alitaka vyuma viwili virefu vipigiliwe kwenye mwili wa tuta, hatua chache kutoka nguzo ya tatu, mahali ambapo ng'ombe hafiki kwa sababu ya miiba. Kama nguzo ilisukumwa na ng'ombe, vyuma vitabaki palepale.

"Unataka nikusaidie kuuzamisha mpunga wangu mwenyewe," Festo alisema.

"Nataka unisaidie nijue kama nimekosea. Naomba Mungu niwe nimekosea."

Festo akaifuata nyundo kubwa nyuma ya nyumba. Alivipigilia vyuma, na Elieth akavibandika vioo vidogo, akapima, akaandika.

* * *

Tabora alifika kesho yake, sanduku la njano likiwa mapajani njia nzima. Hakukubali liwekwe kwenye buti. Ofisini aliambiwa asubiri kwenye benchi la nje. Alisubiri mpaka watu wawili waliokuja baada yake wakaingia na kutoka. Silasi alipomwita, alimpokea mbele ya makarani wote.

"Huyu ndiye fundi wetu wa Ikombola," alisema huku akicheka. "Tuta limemkimbilia." Makarani wakacheka pia, mmoja kwa kuinamisha kichwa. Elieth alisimama na sanduku lake mkononi kama mtu aliyeleta kuku sokoni. "Nenda kwa Naushad, Gongoni. Akikupa karatasi kwamba mashine ni nzima, nitakuja mwenyewe."

Naushad alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kifuani. Ukoo wake ulikuwa na duka Gongoni tangu enzi za babu yake. Mbele waliuza vitenge na vyombo. Nyuma, kwenye ghala refu, Naushad alitengeneza vifaa vya kupimia. Binti yake, Urmi, alimletea Elieth chai kabla hata hajaulizwa shida yake.

"Kunywa kwanza, mama. Hii kazi haina haraka," Naushad alisema. "Mwanga nao lazima upumzike."

Kando ya ukuta wa ghala palikuwa na reli ya chuma ya mita thelathini, imenyooka kama uzi. Kichwani mwake Naushad aliwasha sanduku jeusi alilonunua mgodi mmoja ulipofunga kazi zake. Ndani yake mlikuwa na bomba la kioo. Taa nyekundu ndogo ikaanza kumeta.

"Leza ya mashine yako na hii ni ndugu," alisema, "ila hii imefungwa kamba. Leza yoyote ikipata joto, mawimbi yake yanarefuka na kufupika. Yakibadilika mawimbi, kipimo nacho kinabadilika, maana hayo mawimbi ndiyo rula yenyewe. Hii inajitazama ndani, ikiteleza kidogo inajirudisha. Inachukua nusu saa kutulia. Ikitulia, haitikisiki."

Walikaa wakiisubiri. Elieth alishindwa kuimaliza chai. Taa ilipogeuka kijani Naushad alivaa ile miwani ya kifuani, akaweka kioo kwenye kigari kidogo, akakisukuma juu ya reli mita moja moja, na kila aliposimama walisoma wote wawili, yeye kwenye leza yake tulivu, Elieth kwenye mashine. Kisha akaiwekea mashine hita ya umeme mpaka ikawa ya moto kama iliyoanikwa juani, wakarudia tangu mwanzo.

Elieth alijikuta anaombea kosa. Alitamani namba zipishane. Alitamani mzee atikise kichwa na kusema mashine hii ni ya kutupa, arudi nyumbani achekwe mwezi mzima, na mpunga uvunwe.

Naushad alipiga hesabu nyuma ya boksi la sabuni. "Kama mashine ingekudanganya milimita kumi na saba kwenye mita mia nne," alisema, "hapa kwenye thelathini ingenidanganya zaidi ya moja. Ninachokiona ni robo ya hiyo, tena ikiwa imechemka. Mashine yako ni nzima, mama."

"Una uhakika?"

Mzee alivua miwani. Aliuona uso wa Elieth, akaelewa kwamba hakuwa amempa habari njema. "Kuna watu wanaishi chini ya hicho unachokipima?"

"Mimi mwenyewe."

Aliandika karatasi, akaigonga muhuri mara mbili, na hakutaka malipo.

* * *

Aliporudi Alhamisi alipanda moja kwa moja jabalini. Vyuma vya Festo, vilivyokaa kwenye udongo siku tatu tu, vilikuwa vimesogea milimita sita. Nguzo ilikuwa kwenye ishirini na tatu.

Silasi alitimiza ahadi yake. Ijumaa alikuja, akaikuta mashine imesimama, akasoma mwenyewe, akatembea juu ya tuta mara mbili na kurudi akiwa hacheki tena. Alasiri hiyo kijiji kiliitwa kwenye uwanja wa shule. Yahaya, mwenyekiti wa wakulima wa bonde, alikuwa wa kwanza kusimama. Hakuwa mtu wa kelele, na ndiyo sababu alisikilizwa.

"Mhandisi, tumekuelewa. Maji lazima yapungue. Sisi tunaomba siku kumi na nne tu. Kumi na nne, tuvune, kisha fungueni hata malango yote. Bwawa limekaa miaka thelathini. Litashindwaje kukaa wiki mbili?"

Makofi yalipigwa. Silasi alijifuta jasho, akageuka. "Anayelipima ni huyu hapa. Elieth, waambie wananchi. Siku kumi na nne zinawezekana?"

Hapo Elieth alielewa kwamba ametupiwa mzigo. Neno la kufungua lingetoka kinywani mwake, si mwa mhandisi. Aliwaona wanawake alioimba nao kwenye kwaya ya Moravian. Alimwona Festo ameegemea ukuta wa darasa, macho chini. Alimwona mama mkwe wake kwenye kiti cha mbele, mikono imefumbata fimbo.

"Siwezi kuwaahidi kumi na nne," alisema. "Siwezi kuwaahidi hata nne. Nguzo inaongeza mwendo. Tuta likikatika, maji hayatachukua mpunga peke yake. Yatapita hapa tulipokaa."

"Na lisipokatika?" Yahaya aliuliza.

"Lisipokatika mtanilaumu mimi."

"Hatutakulaumu," mwanamke mmoja alisema kutoka nyuma. "Tutakulaani."

Walipewa siku mbili za kukata kilichokwisha kuiva. Watu walivuna kama waliofukuzwa, wazee na watoto, wengine wakikata masuke ya kijani wakitumaini yatakauka juani. Festo alipata kama nusu eka. Elieth alikwenda kukata kwenye shamba la Bi Josepha, akaukuta mpunga vilevile alivyousema mwenyewe: ukiuminya punje, unatoka uji mweupe. Bibi alikuwa ameketi kwenye jaruba. Hakukata hata suke moja.

"Shikamoo, mama."

Bi Josepha alitazama upande wa maji. Elieth alingoja ile marahaba mpaka mgongo ukamuuma kwa kuinama, kisha akajinyoosha na kuondoka.

* * *

Lango lilifunguliwa Jumatatu asubuhi. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kama mgeni mwenye adabu, yakajaza mfereji, yakamwagikia majaruba ya kwanza, ya pili, mpaka bonde zima likawa kioo kimoja chenye ncha za kijani, na siku ya tatu ncha nazo zikalala. Siku ya sita maji yalipokwisha kupungua, harufu ya mpunga unaooza ilipanda mpaka barabarani.

Tuta halikukatika.

Hilo ndilo lililommaliza Elieth. Lingekatika, wangemwita mtakatifu. Sasa lilisimama, kijani na tulivu, mbuzi wakila majani juu yake, na kila aliyepita alilitazama, kisha akamtazama yeye. Kisimani wanawake walihamisha ndoo zao akifika. Dukani aliambiwa chumvi imekwisha huku ameiona kwenye rafu. Kwaya ilibadilisha siku ya mazoezi bila kumwarifu. Alifika kanisani akakuta mlango umefungwa, akasimama pale na daftari lake la nyimbo. Kijana mmoja wa pikipiki alimpa jina, Mama Leza, na jina likashika.

Nyumbani Bi Josepha alihamia kupika kwenye jiko lake mwenyewe, mafiga matatu nyuma ya banda. Festo hakugombana. Aliamka, akala, akatoka, akarudi. Usemi wake ulikuwa "ndiyo" na "sawa".

"Niseme nini, Festo?" Elieth alimuuliza siku moja, wakipukuchua kile kidogo walichookoa. "Nitukane basi. Nivumilie vipi hiki kimya?"

"Sina la kukutukana," alisema. "Ulisema unachokiona. Mimi nacho sikioni. Ndiyo shida yetu. Wewe unaona kwa mashine, mimi naona shamba limeoza."

Elieth aliendelea kupukuchua. Kwa mara ya kwanza alijiuliza jambo ambalo hakuthubutu kulitamka mbele ya mtu: huenda tuta lingesogea dole gumba jingine, likatulia, likakaa miaka thelathini mingine. Karatasi ya Naushad ilithibitisha mwanga. Haikuthibitisha kesho.

* * *

Wiki iliyofuata ofisi ilituma vibarua kulichimba tuta karibu na nguzo ya tatu, upande uliokuwa chini ya maji. Walihitaji watu sita wa kijijini. Festo alijiandikisha kwa sababu hapakuwa na kazi nyingine. Elieth alikuwa jabalini akipima, hivyo aliyaona yaliyotokea kwa mbali, kupitia darubini ya mashine, bila sauti.

Aliwaona wanachimba, kisha jembe la mmoja likazama lote na mpini wake. Wakarudi nyuma. Silasi akapiga magoti, akachungulia, akamwita mtu amulike. Kisha Festo akalala kifudifudi kwenye matope. Akaingiza mkono. Ukaingia mpaka kiwiko. Akajisogeza, ukaingia mpaka begani, shavu lake likagandamana na udongo. Alibaki hivyo kwa muda, kama anayesikiliza. Alipoutoa, ulikuwa umepakaa tope laini la kijivu, na aliutazama kama si wake.

Ndani ya tuta mlikuwa na njia. Maji yalikuwa yamelila tuta kwa ndani, kidogo kidogo, kutoka bwawani mpaka karibu na upande wa pili. Silasi alisema ilibaki hatua moja na nusu ya udongo mzima. Siku hiyohiyo waliijaza kwa udongo wa mfinyanzi na kushindilia, maana mvua zilikuwa bado hazijakatika, na mpaka Yahaya na wenzake wanafika palikuwa pamesawazishwa. Waliona kiraka cha udongo mpya. Wengine walisema ofisi imechimba shimo lake yenyewe ili kuficha aibu.

Festo alirudi nyumbani, akanawa, akapita nyuma ya banda kwa mama yake. Elieth aliwasikia wakiongea kwa Kinyamwezi, maneno machache. Baadaye Bi Josepha alikuja mlangoni akiwa na sufuria.

"Festo ameniambia," alisema. Aliweka sufuria chini. Ilikuwa na kunde. "Hata hivyo mpunga wangu umekwenda, Mama Martha."

"Umekwenda, mama."

"Sitaweza kusema sioni uchungu."

"Usiseme, mama."

Wakala kunde. Haikuwa karamu. Lakini walikula kwenye sahani moja.

* * *

Mwezi ulipokwisha Festo aliamua kwenda Igunga kupakia na kupakua malori mpaka msimu ujao. Hapakuwa na namna. Mchele ule wa nusu eka ulikuwa wa miezi miwili, na binti yao Martha alikuwa bwenini akisubiri ada. Elieth alimsindikiza mpaka barabarani, kituoni, palipokuwa na watu wengi wanaokwenda kutafuta kazi kama yeye. Yahaya mwenyewe alikuwepo na begi. Hakuwasalimia.

Basi lilichelewa. Watu walianza kuzungumza ili kuupoteza muda, na mazungumzo, kama kawaida ya siku zile, yakaelekea bondeni.

"Mwaka huu tungekuwa tunauza, si kusafiri," mmoja alisema.

"Tumshukuru Mama Leza," alisema mwingine, yule kijana wa pikipiki. "Ametupima vizuri."

Kikapita kicheko. Elieth alikaza macho kwenye lami. Alikwisha kujifunza kufanya hivyo. Ukitazama mahali pamoja, uso hauonyeshi kitu. Alihisi Festo anasogea kando yake, akadhani anakwenda kutafuta kivuli, mbali na aibu yake. Hakumlaumu.

Festo alikwenda katikati yao, akaweka begi chini.

"Mimi niliingiza mkono," alisema.

Waligeuka, kwa mshangao tu. Festo hakuwa mtu wa kuongea barabarani.

"Ninyi mmeona kiraka. Mimi niliingiza mkono kabla hakijazibwa." Alikunja mkono wa shati, wa kulia, akaukunja mpaka juu, akaweka kiganja cha kushoto begani. "Uliishia hapa. Na vidole vyangu havikugusa mwisho. Ndani mlikuwa na baridi, na maji yalikuwa bado yanapita, nayasikia kwenye kucha. Yahaya, nyumba yako iko wapi? Si ya kwanza chini ya tuta? Mama yako halali pale?"

Yahaya alihamishia begi lake mkono wa pili.

"Na wangu analala ya pili. Eka zangu zimeoza kama zako, na leo napanda basi kama wewe." Akamgeukia kijana wa pikipiki. "Mke wangu ana jina. Anaitwa Elieth."

Kijana wa pikipiki alitazama viatu vyake. Basi likatokea kwenye kona, likapiga honi, watu wakaanza kusukumana na mizigo. Katika msukumano ule Yahaya alisimama akiwapisha wengine mpaka akabaki wa mwisho. Alikuwa karibu kabisa na Elieth.

"Sasa hivi ikoje?" aliuliza bila kumtazama. "Hiyo nguzo."

"Jumatatu mbili haijasogea."

"Utaendelea kupima?"

"Kila Jumatatu."

Yahaya alitikisa kichwa kukubali. Alitaka kusema neno jingine, utingo akagonga bodi, akapanda.

Festo alikuwa amekaa dirishani, mkono wa shati bado umekunjwa mpaka begani. Elieth alibaki ameutazama mkono ule mpaka basi likazama upande wa Igunga, kisha akageuka kurudi nyumbani, peke yake, kwa kutembea katikati ya barabara, si pembezoni tena.